Mto Mmoja Unatosha

Elda Bomberry hakuwa mtu wa kubembelezeka. Ungeweza kumpelekea tumbaku, tufaha, hata mkebe mzima wa biskuti, ukakaa sebuleni kwake mpaka miguu ikafa ganzi, lakini kama theluji ilikuwa haijatanda, hadithi hupati. Alikuwa akisema ardhi bado iko macho. Akisimulia sasa, nyuki wataacha maua waje kusikiliza, ndege watasahau safari yao, na nyoka wataingia mpaka chini ya kitanda. Watoto wa Barabara ya Nne, katika ardhi tuliyobakiziwa sisi wenyeji wa asili, walimtania kwamba anachoogopa ni hao nyoka tu, na yeye wala hakukana.

Theluji ikitanda, hapo sasa nyumba ilikuwa haina pa kukanyaga. Watoto walivua mabuti mlangoni yakafanya dimbwi mpaka jikoni, na kila mmoja aliweka mezani zawadi yake, kifungo cha shati, tufaha, kipande cha tumbaku alichokwapua kwa babu yake, maana kwetu hadithi haiombwi mikono mitupu. Kisha walikaa sakafuni. Kazi yao ilikuwa moja: Elda akivuta pumzi, wao waitikie, "Ehe." Msimuliaji asipoitikiwa hunyamaza. Huenda wasikilizaji wamelala, huenda kuna neno limewaudhi. Vyovyote iwavyo, hadithi haiendi mbele mpaka mtu aseme ehe. Elda hakuwa na mchezo katika hilo. Mwaka mmoja alimwacha dubu wa hadithi juu ya mti karibu wiki nzima kwa sababu kijana wa kina Longboat alisinzia.

Hadithi alikuwa nazo tele, ila moja ndiyo iliyokuwa roho yake. Alipewa na Lavina, bibi yake mzaa mama, yule aliyemficha chini ya rundo la maganda ya mahindi siku gari la shule ya bweni ya serikali lilipopita kukusanya watoto kwa nguvu. Wenzake walichukuliwa, wakarudi na Kiingereza na makovu. Elda alibaki na Kikayuga chake, lugha yetu, na vumbi la maganda puani, na kila msimu wa baridi alikalishwa karibu na jiko la kuni akasimuliwa habari za mwanamke mzee aliyekuwa akirudi kwa wajukuu zake wakati wa njaa, ameshona mbegu za mahindi ndani ya pindo la sketi yake.

Njiani mzee huyo alikuta mito. Kila mto ulimzuia ukamuuliza, "Wewe ni wa nani?" Mto wa kwanza uliridhika na jina la mama yake. Wa pili ulitaka la mama wa mama. Wa tatu ukarudi nyuma zaidi, na wa nne, na mingine, jina juu ya jina, wanawake tu, kwa sababu kwetu mtu ni wa mama yake: ukoo wako, upande unaokaa katika Nyumba Ndefu yetu ya ibada na mashauri, hata jina unaloitwa mbele za watu, vyote hupitia kwa mama. Majina hayo yalikuwa ya kweli. Yalikuwa ya kina mama wa Elda mwenyewe, na mengine ni ya kale mno, si yangu kuyaandika hapa. Watoto huanza kupiga miayo kwenye mto wa tatu, na Lavina alilijua hilo, ndipo alipodai ehe kubwa zaidi. Halafu, kwenye mto wa mwisho, mzee wa hadithi hakujibu. Lavina alimgeukia Elda, akamwelekezea kidole chake kilichopinda: "Wewe ni wa nani?" Hapo mtoto alitakiwa ajibu yeye, majina yote, kuanzia kwa mama yake kurudi nyuma. Akikwama, mzee havuki, na mbegu zinaozea kwenye pindo.

Elda alimvusha mzee yule akiwa na mapengo ya meno ya mbele, na siku ile Lavina alilia waziwazi.

Norine, binti yake Elda, hakuwahi kumvusha. Miaka hiyo Elda alikuwa akifungasha matunda kiwandani mjini. Alirudi miguu imevimba, akawashia watoto televisheni, akalala. Norine alikua na Kiingereza chake akahamia mjini. Binti wa Norine, Rochelle, ndiye aliyerudi Barabara ya Nne, akajifunza Kikayuga ukubwani, kwa jasho, neno kwa neno, mpaka akawa mwalimu wa lugha hiyo. Na Rochelle akamzaa Tessa. Ungemuuliza Elda anataka nini duniani kabla hajaondoka, angekujibu bila kufikiri: Tessa asimame kwenye mto wa mwisho. Basi. Mengine yote alikuwa ameshayapata au ameshayasusa.

Ndipo ikaja habari ya kompyuta.

Rochelle alikuja kwa adabu, hilo lazima lisemwe. Alikuja na tumbaku imefungwa kwenye kitambaa, akaiweka mbele ya bibi yake, akaeleza kwamba shule inatengeneza programu ya kufundishia. Mtoto atafungua kishikwambi, aguse picha ya kasa au ya mbwa mwitu, asikie yale Maneno ya Shukrani yanayotangulia kila jambo letu, ajifunze majina ya mimea na namna ya kupika supu ya mahindi, na wakati wa baridi asikie hadithi. Wazee wenye lugha walikuwa wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kila msiba ulikuwa unaondoa kidole.

"Bibi, mimi nikikosea neno, nani atanisahihisha ukishaondoka?"

"Kwa hiyo mmeshaanza kunizika."

"Tunataka kukurekodi."

"Kuna tofauti?"

Rochelle alicheka. Elda hakucheka, lakini alikuwa ameshaishika ile tumbaku, na ukiishika umekubali. Alitoa masharti mawili. Hadithi zifungwe, zisifunguke ila theluji ikiwa chini. Na zisikatwe. Rochelle aliahidi yote mawili, na alipoahidi alikuwa anasema kweli. Nayasema haya kwa sababu baadaye watu walimsema vibaya, na wengi wa hao waliomsema hawakuwahi kumpelekea yule bibi hata gogo moja la kuni.

Habari zilisambaa kabla ya wiki kwisha. Mzee Hubert Keye, msemaji wa Nyumba Ndefu, ambaye yeye alikataa katakata kurekodiwa, alimkuta Elda kwenye mchezo wa bingo.

"Nasikia unakuwa staa," alisema.

"Wewe nawe ulishakuwa kiziwi, umesikiaje?"

"Mimi wakiitaka sauti yangu, waje kwanza wanipasulie kuni."

"Kwa sauti yako hiyo, Hubert, kuni zitakimbia zenyewe."

Meza nzima ilicheka, na Elda alirudi nyumbani ameridhika na nafsi yake. Alikuwa na majivuno, kwa nini tumfiche? Maisha yake yote hakuna aliyemwomba kitu isipokuwa kazi ya mikono.

Walirekodi mwezi Januari, theluji imefika kwenye vioo vya madirisha. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa sponji, na upande wa pili wa kioo alikaa fundi aitwaye Grant, kijana mpole wa mjini aliyemletea chai na blanketi la magotini. Elda alivaa hedfoni akaanza. Alisema mzee alishona mbegu kwenye pindo, akafunga mlango, akaondoka. Akavuta pumzi, akangoja.

Kimya.

Grant naye alingoja. Alidhani bibi wa watu amesahau, akampungia mkono kupitia kioo, endelea, endelea. Elda alidhani amemuudhi kijana. Aliirudia sentensi ile ile kwa upole zaidi, akangoja tena, na ndani mle hata hewa haikuwa na sauti. Mwishowe alivua hedfoni akasema yeye hawezi kusimulia ukuta. Rochelle akaitwa, akaingia, akakaa chini miguuni pake, akaitikia ehe kila mahali panapostahili, na Elda akasimulia siku ile kuliko siku zote za maisha yake. Mito yote. Alipofika wa mwisho alimnyooshea mjukuu wake kidole. Mwalimu mzima akajibu, Norine, Elda, akataja la tatu, akakwama.

"Tutakuwa na kazi, mimi na wewe," Elda alimwambia, akampangusa machozi kwa kiganja. Walirudi nyumbani wakila mkate wa kukaanga ndani ya gari, wamelewa furaha.

Haikupita muda Rochelle alikuja na kompyuta yake na uso usiotazamika. Kwanza zile ehe hazikuwepo. Grant alizifuta akidhani ni kelele zilizoingia kwa bahati mbaya. Pili, hadithi ilikuwa ndefu. Waliwajaribia watoto darasani, na kila darasa lilikuwa vile vile.

"Wakifika mto wa tatu wanaifunga, Bibi. Wanakwenda kwenye michezo."

"Hata kwangu wanapiga miayo."

"Kwako hawawezi kukufunga."

Elda akauliza wanataka mito mingapi.

"Mto mmoja unatosha," Rochelle alisema. "Tuwaonjeshe tu. Wakishaonja watakuja hapa wenyewe kuisikia nzima. Na Tessa nitamleta mwenyewe kila Jumamosi, nakuapia."

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na picha iliyochorwa ya bibi mwenye nywele za kusuka, uso wake ni wa Elda kabisa, ila mwembamba kidogo na asiye na miwani. Elda aliitazama. Alijua anachoombwa si kizuri. Akakubali kwa sababu alikuwa amechoka, kwa sababu ile picha ilimpendeza, na kwa sababu hakutaka kuonekana mkaidi wa aina ya Hubert. Walirudi kwenye kile chumba cha sponji, na safari hii alisimulia kwa mfululizo, bila kungoja ehe ya mtu. Swali nalo liliachwa, maana swali hudai jibu na jibu hudai muda. Mto uliganda tu, mzee akapita juu ya barafu, akafika kwa wajukuu zake. Katikati hapo Elda alikohoa kidogo. Grant alisema haidhuru, kikohozi kinaleta uhai.

Programu ilipoanza, ilisifiwa huku na kule. Elda alikaribishwa shuleni akapigiwa makofi na watoto waliovaa fulana zenye sura yake. Alirudi nyumbani akangoja theluji kwa hamu ya msichana anayengoja mchumba.

Theluji ilianguka. Alipasha jiko, akaweka sufuria kubwa ya supu ya mahindi, akatandika mablanketi ya zamani sakafuni. Siku ya kwanza alijiambia barabara ni mbaya. Baadaye alijiambia watoto wana mafua. Supu aliila mwenyewe mpaka ikamkinai, akampelekea jirani. Siku moja dukani alikutana na watoto wawili wa kina Longboat, ndugu zake yule msinziaji, akawauliza mbona mwaka huu hawaji.

"Tumeshakusikia, Bibi," alijibu mkubwa, kwa heshima zote.

Hakukuwa na dharau katika jibu hilo. Elda alilipia maziwa yake akatoka. Ndani ya gari alikaa kwanza bila kuwasha injini, akiona haya peke yake.

Jumamosi nazo zikaenda na upepo. Rochelle alikuwa akisafiri kuionyesha programu katika jumuiya nyingine za watu wetu, upande huu wa mpaka na ule, na aliposafiri Tessa alibaki na baba yake, ambaye alimpeleka mazoezi ya lakrosi, mchezo wetu wa mpira na vijiti. Aliporudi alikuwa hoi. Elda hakulalamika. Alikuwa wa kizazi kilichofundishwa kwamba anayelalamika hapewi chakula. Alichofanya ni kuwa mkali kwa mambo mengine. Alimkemea Rochelle kwa sababu ya matairi, kwa sababu ya nywele za Tessa, kwa sababu ya kupiga simu wakati wa bingo.

Kisha ukaja mwezi wa sita na sherehe za stroberi. Uwanja ulijaa. Elda alikuwa amekaa na Hubert kivulini, wanakunywa maji ya stroberi, wanawasema watu wanaopita. Nyuki walikuwa wanazunguka mdomo wa jagi. Ndipo aliposikia mtu akisema, kwa Kikayuga safi kabisa, kwamba mzee alishona mbegu kwenye pindo, akafunga mlango, akaondoka.

Ilikuwa sauti yake. Ilitoka kwenye spika mbili zilizofungwa juu ya hema la shule, ikaenea uwanja mzima, juu ya mahindi yaliyoanza kurefuka na juu ya nyasi na kila kilichomo ndani ya nyasi.

Alimtazama Hubert. Mzee yule, ambaye tangu ujana wao hakuwahi kukosa neno la kumchokoza, aliinamisha macho kwenye kikombe chake. Elda angeshukuru kama angemtukana.

Alinyanyuka, nyonga ikimuuma, akavuka uwanja mbele za watu wote. Ndani ya hema walikuwepo wageni wa idara ya elimu wamesimama nusu duara, na Rochelle mbele yao ameshika kishikwambi.

"Zima," Elda alisema.

"Bibi, dakika mbili tu. Wageni wametoka mbali."

"Zima, Rochelle. Ardhi iko macho."

Rochelle alizima. Mmoja wa wageni akapiga makofi, akidhani ni sehemu ya maonyesho, na wenzake wakamfuata.

Walirudi nyumbani kwa gari moja. Rochelle ndiye aliyeanza, kwa hasira ya mtu mwenye hatia. Kufuli lilikuwepo, alisema, liliwekwa kama lilivyoahidiwa. Lakini kuna watu wetu waliohamia kusini, mahali ambapo theluji haijapata kuonekana. Watoto wao wasisikie kamwe? Kuna walimu wanaotaka kufundisha hadithi mwezi wa tano. Kamati ilikaa, ikapiga kura, kufuli likaondolewa. Yeye alipiga kura ya kukataa. Alikuwa peke yake.

"Basi nitoeni," Elda alisema. "Futeni sauti yangu."

"Nikikutoa, kitabaki nini? Hubert amekataa. Wengine tumewazika. Hadithi zote mle ni zako, Bibi. Nikikutoa, Tessa atajifunza kwa nani?"

"Kwangu."

Rochelle alikata kona kuingia njia ya nyumbani kwa bibi yake.

"Nitamleta," alisema.

"Hata juzi ulisema hivyo."

Wiki ile Elda alikuta nyoka mdogo nyuma ya mashine ya kufulia. Nyoka wa namna ile huingia kila nyumba ya Barabara ya Nne kila kiangazi, wala hawana sumu, na jirani aliyekuja kumtoa kwa ufagio alimwambia hivyo. Elda hakutaka kusikia. Alimwambia jirani kwamba ni yeye mwenyewe, kwa sauti yake ile, aliyemwita nyoka huyo.

Kuanzia hapo alizeeka haraka. Nyonga ilikataa, bingo akaacha, sauti yake ikaingia mikwaruzo. Shuleni sauti ya yule Elda mwingine ilibaki vile vile. Rochelle alifika mara kwa mara na dawa na chakula, akaosha vyombo, akaomba radhi kwa namna zote isipokuwa kwa kumleta mtoto akamwacha. Sidhani kama ilikuwa roho mbaya. Nadhani alikuwa anaogopa kuambiwa amechelewa.

Msimu wa baridi uliofuata, dhoruba ya theluji ilifunga shule, na Rochelle alikuwa na mkutano ambao hakuweza kuukwepa. Alimleta Tessa asubuhi, akamkabidhi mlangoni na mfuko wa chakula, akaondoka gari likiteleza. Umeme ulikuwa umekatika. Elda alikuwa amekaa karibu na jiko la kuni, na alipomwona mtoto anavua mabuti yake na maji yanaanza kutiririka kuelekea jikoni, moyo ulimruka.

Tessa alihangaika na kishikwambi chake, kikafa mikononi mwake kwa kukosa chaji. Alikiweka pembeni bila kununa. Alikuwa mtoto mwenye malezi. Alifungua mfuko wake, akachagua chenza, akaja kuliweka kwenye mapaja ya Elda kwa mikono miwili.

"Naomba hadithi, Bibi," alisema, kwa Kikayuga kisicho na doa.

"Nani amekufundisha kuleta zawadi?"

"Kwenye programu. Ni wewe."

Elda alilishika lile chenza. Kwa muda mfupi alifikiri pengine amewaonea watu bure miaka hii yote. Akajiweka sawa kitini. Nje theluji ilikuwa imetanda mpaka upeo wa macho, ardhi imelala fofofo, hakuna cha kuogopa. Alisema mzee alishona mbegu kwenye pindo, akafunga mlango, akaondoka. Akavuta pumzi.

Tessa alimtazama kwa makini, mdomo umefungwa.

"Useme ehe," Elda alimfundisha.

"Kwa nini?"

"Ili nijue uko pamoja nami."

"Si unaniona niko hapa?" Lakini alikuwa mtiifu, akasema, "Ehe."

Elda akaendelea. Mzee alitembea mpaka akafika kwenye mto wa kwanza, na mto ukamzuia, ukamuuliza—

"Hapana, Bibi. Mto uliganda."

"Huo wa kwenye kompyuta ndio ulioganda. Huu haujaganda."

"Lakini ni wewe uliyesema uliganda," Tessa alisema. Hakuwa anabisha, alikuwa ameshangaa. "Ni sauti yako."

Mtoto alikuwa anasema kweli. Elda alivuta pumzi, akangoja. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mto wa kwanza na majina yote kinywani, Lavina na waliomzaa Lavina, na alichohitaji ni ehe moja tu aendelee. Kuni zilikatika ndani ya jiko. Tessa alikuwa kimya, anamtazama kwa huruma.

"Umesahau?" aliuliza. "Usijali, mimi naijua yote."

Akaanza. Alisimulia vizuri, lazima isemwe. Kila neno lilikaa mahali pake, lafudhi ya Lavina yenyewe, ambayo Elda alidhani imezikwa. Alipanda pale Elda alipopanda na kushuka pale Elda aliposhuka. Mto ukaganda. Mzee akakanyaga barafu, na hapo Tessa akakohoa kidogo, kikohozi kile kile, mahali pale pale.

Elda aliamua kutomwitikia. Alibana midomo makusudi, akangoja mtoto anyamaze, ageuke, aulize kuna nini. Kila mtoto aliyepata kukaa kwenye sakafu ile angenyamaza. Tessa hakunyamaza. Alisimulia moja kwa moja mpaka mzee akafika nyumbani, akafumua pindo, wajukuu wakapanda mahindi, wakala, wakashiba. Kisha akakaa wima, akakunja mikono.

"Sasa niulize maswali, kama kwenye programu," alisema. "Huwa napata nyota zote."

Elda alimtazama mtoto wa mjukuu wake, ana paji la uso la Lavina. Aliliweka chenza kando. Aliinua mkono, akamwelekezea kidole ambacho sasa nacho kilikuwa kimepinda.

"Wewe ni wa nani?"

Tessa alifikiri. Alifikiri kweli, uso umekunjamana, akageuka kidogo kukitazama kile kishikwambi kilichozimika.

"Hilo halimo, Bibi," alisema. "Uliza lingine."